Sachin Tendulkar na dhambi za wenzake

Leo siasa naiweka pembeni, maana kuna hoja moja ya kriketi inanikera kuliko hotuba za wakubwa.

Inasemwa hivi: Sachin Tendulkar alikuwa anacheza kwa ajili ya rekodi zake. Akipiga mia, India inafungwa. Utaisikia vijiweni, utaisoma magazetini.

Kabla sijamnyooshea mtu kidole nikiri kwanza: mimi mwenyewe niliwahi kuiandika gazetini. Ukurasa ulikuwa unasubiriwa, nikaichomeka aya ya mwisho ili habari inoge. Sikuwa nimefungua matokeo ya mechi hata moja. Mhariri akapitisha, na hakuna msomaji aliyelalamika. Uongo mtamu ndivyo unavyoishi.

Sasa tuhesabu. Katika mechi za siku moja Sachin alifikisha mikimbio 100 au zaidi mara 49. India ilishinda 33 kati ya hizo. Ilifungwa 14. Hiyo ndiyo "akipiga mia India inafungwa"? Timu ya mpira ikishinda mechi 33 kati ya 49 si tunaiita bingwa?

Mtasema, tuangalie hizo 14. Haya, tuziangalie.

Nagpur, Machi 2011, Kombe la Dunia, dhidi ya Afrika Kusini. Sachin anapiga 111. Anatoka India ikiwa na 267, na yeye ni wa pili tu kutolewa. Waliobaki wote wanaanguka kama maembe mabovu: timu nzima nje kwa 296. Afrika Kusini wanashinda. Kosa la nani?

Hyderabad, Novemba 2009. Australia wameweka 350. Sachin, umri miaka 36, anapiga 175 peke yake. Anatoka zimebaki 19 tu. India inafungwa kwa tofauti ya mikimbio 3. Kosa la nani?

Ukitaka mechi za Test, zile za siku tano, nenda Chennai, Januari 1999, dhidi ya Pakistan. India inahitaji 271, na watano wameshatolewa kwa 82. Sachin mgongo unamuuma vibaya, lakini anafika 136. Anatoka zimebaki 17, na wenzake wana wiketi tatu mkononi. Wote kwa pamoja wanaongeza mikimbio 4. Minne! India inafungwa kwa 12, na lawama anabebeshwa aliyepiga 136.

Wengine wanasema alijinenepesha kwa vibonde, na mfano wao ni jirani zetu Kenya. Kweli, Kenya aliwapiga mia mara nne. Lakini Australia, waliokuwa wababe wa dunia kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji, aliwapiga mia mara 20: Test 11, siku moja 9. Hao nao vibonde?

Na moja ya hizo nne za Kenya ina habari yake. Mei 1999, Kombe la Dunia likichezwa Uingereza, baba yake alifariki. Sachin akarudi Mumbai kuzika. India ikacheza na Zimbabwe bila yeye, ikafungwa kwa mikimbio 3. Mwana akarudi, na tarehe 23 Mei pale Bristol akapiga 140 bila kutolewa dhidi ya Kenya, akainua macho juu. Mtu anayejali rekodi tu angekuwa na sababu ya kubaki nyumbani ambayo hakuna mwanadamu angeihoji.

Sisemi alikuwa malaika. Unahodha ulimshinda: Test 25, alishinda 4 tu. Na ile mia yake ya 100 katika mechi za kimataifa, Machi 2012 dhidi ya Bangladesh, ilikuwa ya kujikokota, mipira 147 kwa mikimbio 114, na India ikafungwa. Hiyo wakosoaji nawapa, wakale.

Lakini moja haifuti 99. Huyu alianza Test akiwa na miaka 16, mwaka 1989 pale Karachi. Katika ziara hiyohiyo mpira wa Waqar Younis ulimpasua pua, akakataa kutoka uwanjani. Alistaafu Novemba 2013 akiwa na Test 200 na mikimbio 15,921. Mwaka 2023 Virat Kohli aliipita rekodi yake ya mia 49 za siku moja, tena Mumbai kwao, Sachin mwenyewe akiwa jukwaani anampigia makofi. Rekodi zinapitwa. Uzushi ndio haupitwi, kwa sababu hauna takwimu za kupitwa.

Ninachopinga hapa ni tabia. Kumi na moja wanaingia uwanjani, kumi wanalegea, halafu tunamuuliza aliyejituma kwa nini hakujituma zaidi. Nimeiona ofisini, nimeiona kwenye misiba na michango ya harusi. Anayebeba ndiye anayeonekana, basi ndiye anayesemwa.

Lile gazeti lilishafungia maandazi zamani, siwezi kulirudisha. Haya ndiyo masahihisho yangu, yamechelewa lakini yana hesabu. Mwenye hesabu tofauti alete mechi kwa mechi, uwanja uko wazi.

Nawasilisha.