Mamba wa Kisiwa cha Kati na Somo la Utalii

Aghalabu mwanafunzi wetu akiulizwa umuhimu wa wanyamapori, hujibu kama kasuku: huvutia watalii, nao watalii huleta fedha za kigeni. Akiulizwa adui wa wanyama hao, atamtaja jangili. Majibu hayo humpatia alama, lakini siku moja niliyoshinda katika Kisiwa cha Kati, ndani ya Ziwa Turkana, ilinidhihirishia upungufu wake.

Tulivuka kwa mashua kutoka upande wa Kalokol. Kisiwa chenyewe ni mawe meusi ya volkeno, na ndani ya kasoko zake mna maziwa matatu madogo: la Mamba, la Heroe na la Ngege. Mtalii hatukumwona hata mmoja. Tulikaa ukingoni tukiwatazama mamba wakiota jua, vinywa wazi. Mnyama huyu tumwitaye katili hufukia mayai yake mchangani na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Asikiapo vilio vya makinda, huwafukua na kuwabeba mdomoni hadi majini bila kuwadhuru. Tena joto la mchanga ndilo liamualo kama kinda atakuwa dume au jike. Hayo katika ukurasa wa utalii hayamo.

Wala hatari kubwa inayokikabili kisiwa hiki haibebi bunduki. Takriban asilimia 90 ya maji yaingiayo ziwani huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Bwawa la Gibe III katika mto huo lilianza kujazwa mwaka 2015. Mwaka 2018, UNESCO ikaziweka Hifadhi za Ziwa Turkana, zilizotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 1997, katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Wako watakaouliza: mbona miaka ya karibuni ziwa limefurika likazihamisha familia? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, samaki hawahitaji wingi wa maji pekee. Wanahitaji mafuriko ya msimu, yaletayo rutuba na kuwafungulia mahali pa kuzalia. Samaki hao ndio chakula cha mamba, na ndio riziki ya mvuvi wa Kalokol.

Walimu wenzangu, katika mtihani wa muhula ujao hebu tumwulize mwanafunzi maji ya mamba wa Turkana hutoka wapi, na ni nani aliye na uwezo wa kuyazuia.