Kosa Si la Kidole

Nina ugomvi na mashine ya kusoma alama za vidole, na msomaji aniwie radhi nikisema mapema kwamba ugomvi wenyewe si na mashine. Mashine ni kioo na nyaya tu. Ninayegombana naye ni yule aliyeamua ikae wapi, akaipachika, akaenda zake, asirudi tena kuona watu wanavyohangaika mbele yake.

Mwezi Januari mwaka 2020, zikiwa zimebaki siku chache kufika tarehe 20, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho hapa Tanzania kusajili laini za simu kwa alama za vidole, nilimsindikiza shangazi yangu kwa wakala. Shangazi ni mkulima. Amelima mihogo na kufua nazi tangu usichana wake, na laini ile ndiyo iliyokuwa benki yake, maana wanawe humtumia fedha humo. Ikifungwa, hana kitu.

Wakala alikuwa kijana wa umri wa mjukuu wake. Alikaa chini ya mwavuli, na mwavuli ulimfunika yeye tu. Kifaa kilikuwa ukingoni mwa meza ya kwenda juu, kimeunganishwa na simu kwa waya mfupi, jua la saa saba likikipiga usoni. Shangazi aliketishwa kwenye kigoda kwa heshima ya uzee wake, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza, kwani ilimbidi anyanyue mkono hadi usawa wa bega na kukisimamisha kidole kwa ncha.

"Bibi, kandamiza! Bibi, futa kidole. Haya, lete kingine."

Kidole baada ya kidole, mashine ikakataa. Mwishowe kijana akatoa hukumu: "Bibi, vidole vyako havina alama." Watu kwenye foleni wakacheka. Shangazi akavitazama vidole vyake kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake, akauliza polepole, "Basi mjukuu wangu, hivi nilivyokuja navyo ni vya nani?"

Tulihamia kwa wakala mwingine, binti aliyekuwa kwenye kibaraza chenye kivuli. Huyu alikifuta kioo kwa pindo la khanga yake, akakiweka kifaa mapajani mwa shangazi, akamlaza kidole gumba taratibu bila kukibana. Mara ya pili kikasoma. Vidole ni vilevile, na saa haikupita.

Sasa nani alikuwa na kasoro? Vifaa vingi vya aina hii hupiga picha. Taa ndogo humulika kidole kilicholala juu ya kioo, na kamera iliyo ndani huona matuta na mabonde ya ngozi. Jua kali likipenya hapo, picha hufifia. Kidole kikisimama kwa ncha, sehemu inayogusa kioo huwa ndogo. Kikikandamizwa kupita kiasi, matuta hubabatana. Mkono ulioning'inizwa juu hauwezi kulaza kidole, hata uwe mkono wa waziri.

Wala haya si mambo ya kubahatisha. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo na viwango, NIST, iliwajaribu watumishi wake 75 huku ikibadilisha kimo cha meza. Meza ya inchi 36, yaani kama sentimeta 91, ndiyo iliyokwenda haraka kuliko zote. Ya inchi 26 ilitoa alama zilizo safi zaidi. Ya inchi 42 ilishika mkia kwa kila hali: ilichelewesha, alama zake zilikuwa hafifu, na watu waliona taabu kuitumia. Na hao walikuwa watumishi wa ofisini, si wafua nazi.

Tazama pia wenye simu za bei kubwa. Mwaka 2017 Samsung walitoa Galaxy S8, na kisoma vidole wakakiweka mgongoni mwa simu, ubavuni mwa kamera, mahali ambapo kidole hupapasa na kuishia kuchafua lenzi. Wanunuzi walipiga kelele, na katika Galaxy S9 ya mwaka 2018 kikashushwa chini ya kamera. Mwaka mmoja tu! Shangazi yangu angempigia nani kelele, ilhali laini yenyewe ilikuwa karibu kufungwa?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba wakulima, waashi na wazee kweli huwa na vidole vilivyosagika. Nakubali, tena bila ubishi. Lakini maadamu hilo linajulikana, si ndiyo sababu ya kuwawekea kifaa mahali pazuri kuliko mtu mwingine yeyote, na kuwa na njia nyingine ya kuwatambua pale kinaposhindwa? Hatumlaumu mlemavu kwa ngazi tulizojenga wenyewe. (Ingawa, nikifikiri vizuri, wapo wanaomlaumu.)

Katika ofisi niliyofanyia kazi mwisho, mashine ya mahudhurio ilipachikwa nje ya mlango, upande wa jua la asubuhi. Siku moja niliipima kwa futi ya fundi cherehani, nikapata sentimeta 152. Fundi aliyeipachika alikuwa mrefu kama mnazi, na hapana shaka aliijaribu kwa kidole chake, akaridhika. Mfagizi wetu, mama mfupi ambaye mikono yake ilishinda ndani ya maji ya sabuni, alikatwa mshahara mara mbili kwa "utoro", nasi sote tulimwona akifika kabla yetu. Nilimwandikia mkuu wa utumishi barua kuomba ishushwe hadi usawa wa kiuno na ihamishiwe kivulini. Nilijibiwa kwamba ukuta ulikuwa umeshapakwa rangi.

Nilipostaafu ilikuwa bado palepale, na chini yake mtu alikuwa ameweka tofali la kupandia.