Miaka 11 kwenye darubini haihesabiwi?

Saa nane usiku, niko zamu peke yangu, nasoma slaidi ya mtoto mwenye homa. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10, dakika 10 za kusubiri, kisha nyuga 100 za darubini kabla sijathubutu kuandika "hakuna vimelea". Kazi hii nimeifanya miaka 11 kwa stashahada. Nikitaka shahada, naambiwa niache benchi nikakae darasani mji mwingine, ada juu yangu, na maabara ya wilaya ibaki na mwenzangu mmoja.

Hapo ndipo ninapogoma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianza kufundisha kwa masafa mwaka 1994; leo nina simu yenye bando. Takwimu, elimu ya kinga, uongozi wa maabara: vyote vinasomeka usiku wakati mashine imetulia.

Mtaniuliza, vitendo je? Swali la haki. Kuotesha bakteria kwenye agari hakufundishwi kwa video, na mimi nisingemwamini aliyejifunza hivyo. Lakini Marekani, fundi sanifu wa maabara mwenye cheti cha ASCP, chama cha patholojia ya kitabibu cha huko, anaweza kusoma shahada mtandaoni, na miaka yake miwili ya kazi ikahesabiwa anapoomba mtihani wa ngazi ya juu. Yangu 11 imehesabiwa kwenye macho tu. Nimeanza kuvaa miwani.

Vyuo vituite wiki 6 kwa mwaka kwa vitendo, hospitali ya rufaa itusimamie. Basi la alfajiri nitalipanda. Zamu nitabadilishana na mwenzangu, ambaye naye anaitaka nafasi hiyohiyo.