MOSHI HAUPOTEI, UNAHAMA TU

Ndugu zangu wa nyumbani na wa Ughaibuni,

Kuna visingizio viwili vimenichosha kila mada ya hewa chafu inapozuka. Cha kwanza: moshi ukishapanda juu umekwisha, choma utakavyo. Cha pili, ambacho sisi wa Ghuba tunakipenda sana: uchafu unatoka India, tufanye nini? Vyote viwili havina mashiko.

Nianze na hicho cha kwanza. Katika nchi za joto, wingu kubwa la radi hufanya kazi kama dohani. Huvuta hewa ya chini na kwa muda wa saa moja hivi huitema kilomita 10 hadi 15 juu. Mvua huosha sehemu ya vumbi na masizi, lakini gesi kama kaboni monoksidi haioshwi, hudumu hata miezi miwili. Huko juu upepo ni mkali, kwa hiyo uchafu hufika bara jingine kabla haujaisha, na njiani jua huugeuza sehemu kuwa ozoni. Ozoni ya juu kabisa hutukinga na mionzi. Ya chini yake huongeza joto la dunia, na ile inayofika puani huchochea pumu.

Sasa cha pili. Ni kweli, kati ya Juni na Septemba dhoruba za monsuni hunyanyua hewa chafu ya India na jirani zake hadi karibu kilomita 16. Setilaiti ya Aura, iliyorushwa mwaka 2004, imeiona ikizunguka huko juu. Upepo wa mashariki huisukuma nyingine kuvuka Bahari ya Arabuni, Pembe ya Afrika, hadi Afrika Magharibi.

Lakini je, sisi ni malaika? Kila mwaka, Julai mpaka Oktoba, mashamba na mbuga huwaka Angola, Zambia, kusini mwa Kongo na Tanzania. Mwaka 1992 ndege ya utafiti ya NASA ilikuta ozoni nyingi juu ya Atlantiki ya Kusini, na chanzo kikubwa kilikuwa mioto ya Brazil na ya Afrika. Moshi wa Brazil ulipandishwa na mawingu ya radi, wa kwetu ulisafiri zaidi chini. Hakuna uliopiga foleni ya viza!

Mimi ni nesi, na sitawadanganya kwamba moshi wa kilomita 16 ndio unaojaza wodi. Unaojaza wodi ni wa jikoni, wa jalalani na wa magari. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo karibu milioni 7 kwa mwaka kutokana na hewa chafu. Lakini moshi ni ULE ULE. Unapita kwanza mapafuni mwa mtoto wako, ndipo unapanda kwenda kwa jirani.

Kwa hiyo serikali zetu ziache kumfukuza mama wa mkaa wakati gesi ya kupikia inamshinda bei. Ziishushe bei hiyo, zipime hewa ya miji yetu, na zitangaze vipimo kila siku kama zinavyotangaza mvua. Uwezo upo: Nairobi wanarusha maputo ya kupima ozoni tangu miaka ya 1990.

Anayesema "si moshi wangu" atuambie wake umekwenda wapi.

Naomba kutoa hoja.