Opsheni Ikiisha na Faida, Pesa Haiingii Yenyewe

Kuna dhana moja tunayosikia kwa wateja wanaotoa pesa kwa simu na kuiweka kwa app za hisa za Marekani: eti opsheni ikifika tarehe ya mwisho ikiwa na faida, faida inaingia tu kwa akaunti, kama pesa uliyotumiwa. Si hivyo.

Opsheni ya kununua ni haki ya kuuziwa hisa kwa bei mliyokubaliana, hata soko likipanda. Mkataba mmoja kwa kawaida ni wa hisa 100. Tuseme ulilipa dola 100 upate haki ya kununua kwa dola 50, na Ijumaa ya mwisho hisa imefunga kwa dola 53. Uko mbele kwa dola 300, ukitoa zile 100 zako unabaki na 200. Poa.

Sasa, shirika linalosimamia mikataba hii kule, Options Clearing Corporation, huitekeleza kwa niaba yako hata ikiwa na faida ya senti moja tu kwa hisa, isipokuwa broka atoe maagizo tofauti. Ni vizuri, faida haipotei hivi hivi. Lakini maana yake umenunua hisa 100 kwa dola 5,000. Uko nazo? Kama huna, broka anaweza kuiuza opsheni yako siku hiyo ya mwisho, kwa bei atakayopata yeye. Au ubaki na hisa na deni wikendi nzima. Jumatatu hisa ikifungua kwa dola 48, faida imegeuka hasara ya dola 200, na bado hujahesabu zile 100 za kwanza.

(Opsheni za faharasa ya S&P 500 hulipwa kwa pesa taslimu. Hizo ni kando.)

Maoni yetu: mwenye mtaji mdogo asingoje siku ya mwisho. Uza opsheni yenyewe mapema. Mara nyingi bei yake huwa na kitu kidogo cha ziada kwa sababu ya muda uliobaki, na ukingoja hicho kinaisha. Isitoshe, New York hufunga saa tano au saa sita usiku wetu, kulingana na msimu. Wewe umelala, simu iko kwa chaji.

Na app zinazopokea amana ndogo zinafaa kueleza haya wazi kabla ya kuchukua pesa ya mtu. Mpaka zifanye hivyo, waulize huduma kwa wateja: opsheni yangu ikiisha na faida na sina pesa ya hisa 100, mtafanya nini, na saa ngapi?