Bei ya palepale ni nzuri, lakini nani anaitaja?

Wandugu wachimbaji, mama twangaises, na ninyi mnaobaki nyumbani mkingojea mtu wa kariere arudi na kitu mkononi: kuna swali moja linalorudi kila siku kule Kamituga, Misisi, Lugushwa na Nyabibwe, na linafika mpaka hapa Bukavu kwenye milango ya makontwari. Ukishapata gramu zako, uuze palepale kwa bei unayotajiwa, ao ungoje wanunuzi wawili watatu washindane? Wengine wanasema bei ya palepale njo inatuua. Wengine wanajibu kwamba bila hiyo watoto wangelala njaa. Sisi tunaona kila upande uko na haki kidogo, lakini wote wanasahau swali la kwanza. Kuuza haraka haiko dhambi. Tuulize kwanza ni nani anataja bei.

Tuangalie namna wengine wanafanya. Kuna soko moja la Marekani kwenye intaneti, linaitwa eBay, lilianza mwaka 1995. Mwanzoni lilikuwa mnada tu: mwenye kitu anakiweka, watu wanapandisha bei kwa siku kadhaa, wa mwisho anachukua. Mwaka 2000 wakaongeza njia ya pili. Mwenye kitu anaandika bei yake pembeni, na mtu asiyetaka kungoja analipa ile bei, anachukua, mnada unaisha. Leo sehemu kubwa ya vitu vya soko lile vinauzwa kwa bei iliyoandikwa. Watu walichoka kungoja: muuzaji anataka franga yake, mnunuzi anataka kitu chake.

Lakini angalieni vizuri: pale ni muuzaji njo anaandika bei. Akiandika juu sana, kitu kinabaki. Akiandika chini, amejipunguza yeye mwenyewe, hakuna wa kulaumu. Kwetu ni kinyume. Mchimbaji anatoka shimoni, PDG anangojea sehemu yake, negosia anatoa mizani, anataja bei, anahesabu franga. Mwenye mali hajafungua kinywa. Ile njo bei ya palepale tunayoijua sisi.

Uzuri wake tusiudharau

Tusidanganyane. Mtu anayekaa Bukavu na mshahara wa mwezi ni rahisi kwake kumwambia mchimbaji: ngojea, usiuze. Mchimbaji hana mahali pa kungojea. Jioni ile ile anapaswa kulipa chakula, dawa ya mtoto, minerval iliyochelewa. Dhahabu ikilala ndani ya nyumba, mwenye nyumba halali. Anaogopa mwizi, anaogopa mtu wa bunduki, anaogopa hata jirani. Kuuza palepale ni kuondoa ile hatari kichwani.

Tena kungoja hakulipi kila mara. Mwezi wa 4 mwaka 2013, bei ya dhahabu duniani ilishuka kwa zaidi ya dola 150 kwa onsi moja ndani ya siku mbili tu za soko. Aliyeuza mapema alipona. Aliyesema "nitangoja ipande" aliumia, na hakuwa mjinga, soko njo liko hivyo.

Na mnada wenyewe hauna ahadi. Mwaka 2017, kule Sierra Leone, wachimbaji waliokuwa wakifanyia kazi mchungaji mmoja wa wilaya ya Kono walipata almasi ya karati 709. Ilipewa jina la Almasi ya Amani. Mwezi wa 5, kule Freetown, mnunuzi alitoa zaidi ya dola milioni 7. Serikali ikakataa, ikaona ni kidogo. Wakaipeleka mpaka New York kwenye mnada mkubwa, na mwezi wa 12 ikauzwa dola milioni 6.5. Safari yote ile, na bei ikateremka.

Mfano wa upande mwingine uko karibu na sisi. Mwezi wa 6 mwaka 2020, kule Mirerani, Tanzania, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipata mawe mawili makubwa ya tanzanite, moja la zaidi ya kilo 9 na lingine la kilo 5. Serikali ya Tanzania iliyanunua mara moja, ikamlipa zaidi ya dola milioni 3. Labda mnada wa Ulaya ungeleta zaidi, labda kidogo. Lakini alilipwa mbele ya watu wote, mawe yamepimwa, bei inajulikana, na deni la mtu halikukatwa kwa siri. Bei ya palepale ya namna ile, nani angeikataa?

Mahali inapouma

Sasa tuje kwetu. Bei ya palepale ya kariere inauma mahali patatu.

Pa kwanza ni deni. Wote tunajua namna shimo linafunguliwa. Hakuna banki inayomkopesha PDG. Anayemkopesha ni negosia: analeta mafuta ya pompe, mbao, mchele, maharagi. Ni msaada wa kweli, tusimfanye negosia shetani, kwa sababu bila yeye mashimo mengi yangebaki msitu. Lakini masharti yanajulikana: kila gramu itakayotoka ni yake, kwa bei atakayoitaja yeye. Hapo mkopo unalipwa mara mbili: mara moja kwa dhahabu ya kurudisha deni, mara ya pili kwa bei ya chini juu ya ile iliyobaki. Na mtu wa pili akija na bei nzuri, haruhusiwi hata kusalimia.

Pa pili ni mizani na usafi wa dhahabu. Mpaka leo kuna mahali wanapima kwa kijiti cha kiberiti na kipande cha franga ya zamani. Hata mizani ya umeme inaweza kusema uongo. Tufanye hesabu. Mwezi wa 10 mwaka 2025, onsi moja ilipita dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Onsi ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ya dhahabu safi ilifika karibu dola 128. Tola moja, gramu 11.66, karibu dola 1,500. Kama dhahabu yako ina usafi wa 90 kwa 100, tola yako ina thamani ya karibu dola 1,350 kule inapokwenda. Negosia hawezi kukupa zote: analipa njia, vizuizi, kodi, na yeye pia anatafuta kula. Hiyo tunakubali. Lakini mizani ikiiba nusu gramu tu kwa kila tola, umepoteza karibu dola 58 hata kabla hamjaanza kubishana bei. Kwa familia nyingi, ile njo minerval.

Pa tatu ni uchache wa wanunuzi. Mnakumbuka mwaka 2011, baada ya ile sheria ya Marekani ambayo watu hapa waliita Loi Obama. Wanunuzi wengi wa kasiteriti na koltani waliondoka Kivu. Waliobaki walitaja bei waliyotaka, na Nyabibwe, Numbi na Shabunda ziliona njaa. Mawe yalikuwa yale yale, mikono ile ile. Kilichokosa ni mtu wa pili wa kuuliza bei.

Na leo tuko karibu na hali ile. Tangu M23 iingie Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2025, mabanki yalifunga milango, na uwanja wa ndege wa Kavumu nao ukafungwa. Franga za mkononi zikawa haba, na mwenye nazo akawa mfalme. Mwaka 2025 dhahabu ilipanda kule duniani kuliko wakati wowote uliotangulia, lakini mchimbaji anaambiwa: chukua hii ao baki na mchanga wako. Ile haiko bei, ni amri.

Mnunuzi mmoja kwa wote?

Kuna wanaosema dawa ni serikali kuweka mnunuzi mmoja mwenye bei moja. Tulishaonja. Mwezi wa 1 mwaka 2023, Primera Gold, kampuni ya Kongo pamoja na wenzake wa Emirati, ilianza kununua hapa Bukavu. Kwa upande mmoja ilionyesha kitu kikubwa: mwaka mmoja kabla, dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyotoka hapa kwa njia ya haki ilikuwa makumi ya kilo tu, lakini mwaka 2023 Primera ilitoa zaidi ya tani 5. Maana yake dhahabu ilikuwepo siku zote, ilikuwa inapita usiku kwa mipaka. Bei nzuri na kodi ndogo zikaivuta mchana. Baadaye serikali ilichukua kampuni yote, ikaiita DRC Gold Trading.

Somo letu ni hili: bei ya kudumu inayojulikana inaweza kuvuta dhahabu kutoka gizani. Lakini mnunuzi akiwa mmoja tu, siku atakapopungukiwa franga ao atakapobadilisha bei, mchimbaji hana mlango wa pili. Bei moja inayofaa ni ile ya chini kabisa, ambayo hakuna anayeruhusiwa kwenda chini yake. Kwenda juu yake, kila mtu awe huru.

Bei iko telefoneni

Jambo moja watu wengi hawajui: hata hiyo bei ya dunia inatoka kwa mnada. Tangu mwaka 1919, kule London, wafanyabiashara wakubwa wa dhahabu walikuwa wanakutana kupatana bei ya siku. Tangu mwezi wa 3 mwaka 2015 mnada ule unafanyika kwa mashine, kupitia mtandao, mara mbili kwa siku za kazi: saa nne na nusu za asubuhi na saa tisa za mchana, saa za London. Wakubwa wanashindana, bei inatoka, na inaonekana kwenye telefone ya mtu yeyote mwenye intaneti. Kwa hiyo wao wanauziana kwa mnada, na sisi tunauza kwa kutajiwa. Lakini matokeo ya mnada wao hayakufichwa. Kijana mmoja wa kila kariere anaweza kuyaandika kwa chaki kila siku.

Kwa dhahabu, basi, hatuhitaji mnada kule shimoni. Gramu ni gramu, bei ya London iko, tunahitaji tu ubao na mizani ya haki. Mnada unafaa zaidi kwa vitu ambavyo kila kimoja kiko tofauti, kama turmaline na mawe mengine ya rangi, ao furushi kubwa la kasiteriti ambalo koperative imekusanya. Hapo jicho la mnunuzi wa pili linaweza kuona kile wa kwanza alichoficha. Lakini hata hapo tukae macho: wanunuzi watatu wanaokula pamoja jioni wanaweza kupatana asubuhi kwamba mmoja tu atapandisha.

Tanzania walijaribu njia ya katikati. Kuanzia mwaka 2019, na Geita kati ya za kwanza, walifungua masoko ya madini: wanunuzi wengi mahali pamoja, mizani ya serikali, bei elekezi inayojulikana. Mchimbaji anaingia, anaangalia, anauza siku ile ile. Ni bei ya palepale, lakini amezungukwa na wanunuzi wengi. Hapa kwetu sheria haikatazi. Kodi ya madini ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inamruhusu mchimbaji mwenye karte kuuza kwa negosia, kwa kontwari ao kwa soko. Yaani sheria inampa milango mingi. Deni njo linamfungia yote na kumwachia mmoja.

Tunachoomba

Kwa viongozi wa koperative: wekeni ubao. Bei ya London ya leo, bei ya chini ya kununulia hapa, na makato yote yaandikwe. Nunueni mizani moja ya wote, na SAEMAPE waje kuipima mbele ya watu. Kwa manegosia: mkopo uandikwe peke yake, bei peke yake. Anayekukopa akulipe deni lako na faida mliyopatana, kisha gramu zinazobaki aziuze anapotaka. Utapata haki yako bila kumfunga mtu kamba.

Kwa wachimbaji wenyewe: kabla hujafungua kile kikaratasi chenye dhahabu, taja bei yako wewe. Sema, "yangu ni hii." Kama negosia anakataa, anakataa, lakini ameisikia. Wawili watatu mkiunganisha gramu zenu na kwenda na mtu mmoja anayejua kuhesabu, mtasikilizwa zaidi kuliko kila mtu peke yake.

Na mama, ninyi mnaotunza franga za nyumba: muulize mzee siku atakaporudi, bila ugomvi, leo bei ilikuwa ngapi na nani aliitaja. Nyumba inayojua bei ya siku haidanganywi kwa urahisi shimoni.