Daftari la Wiki: Chaji Imekata

Masika yameingia, na vifuko vya nailoni vya kufunikia simu vimerudi kwa wingi mikononi mwa wachuuzi wa Mwenge. Kifuko kinazuia maji, hilo sibishi. Lakini mvua ikikata na jua likapanda, simu iliyofungiwa humo inachemka: kioo kinafifia chenyewe, kisha inagoma kuchaji. Apple inaelekeza iPhone zitumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Juu ya usukani wa pikipiki, saa saba mchana Dar es Salaam, nyuzi 35 ni mwanzo tu. Ndugu zangu bodaboda, mvua ikiisha toeni simu kifukoni.

*

Alhamisi nilichukua bodaboda kutoka Sinza kwa Remmy kwenda Goba. Tulipofika Makongo kijana akasimama pembeni, akageuka: "Mama, simu imezima. Unapafahamu?" Sikuwa napafahamu. Tukaulizia kwa wauza matunda mpaka tukafika, lakini hasara yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Simu ikizima hawezi kumaliza safari kwenye programu, ombi la abiria mwingine halimfikii, na malipo ya simu hayapokei. Pikipiki ina mafuta, yeye ana nguvu, na kazi imesimama.

Nilimuuliza kwa nini hachaji njiani. Alikuwa na waya na alama ya chaji ilikuwa ikiwaka, ila asilimia zilikuwa zinashuka vilevile. Madereva wengi wananiambia hivyo, na wengi wanailaumu simu. Simu haina kosa. Ramani ikiwa wazi, mwanga wa kioo ukiwa juu kabisa, data na GPS zikifanya kazi, simu inaweza kula wati 2 mpaka 4. Chaja hafifu inayotoa nusu ampea kwa volti 5 inaleta wati 2.5. Mara nyingi kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotoka. Chaja ya ampea 2 inaleta wati 10, na hapo simu inajaa huku inafanya kazi.

Sasa nakuja kwa wenye pikipiki, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Matajiri kadhaa wanawakataza vijana wao kufunga chaja kwa madai kwamba "inaua betri". Pikipiki nyingi ndogo zina taa ya mbele ya wati 35 hivi, na taa hiyo inawashwa usiku kucha bila mtu kulalamika. Wati 10 za simu haziwezi kuishinda pikipiki iliyo barabarani. Kinachoua betri ni chaja iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri, ikaendelea kunyonya umeme kidogo kidogo pikipiki ikiwa imelala uani. Na kinachounguza pikipiki ni waya usio na fyuzi uliosuguliwa na chasisi mpaka ukapiga shoti.

Ijumaa nilisimama kwa fundi wa umeme wa pikipiki nione kazi inavyofanywa. Aliinua siti, akachukua taa yake ya kupimia, akawa anagusa waya mmoja mmoja huku kijana akiwasha na kuzima kwa ufunguo. Taa ilipowaka na ufunguo, ikazimika na ufunguo, akasema, "Huu." Akaweka fyuzi karibu kabisa na pale anapochukua umeme, akafunga kile kifaa cha kushusha volti 12 kuwa 5, akaupitisha waya chini ya tangi mbali na joto la injini. Shingoni mwa pikipiki akaacha waya umelegea, akakata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, akitazama kama unavutwa. Ulikuwa unavutwa. Akafungua, akaulegeza zaidi, akarudia. Hapo ndipo waya nyingi hukatikia, na yule fundi aliheshimu jambo hilo dogo. Nilimpenda.

Baadhi ya pikipiki mpya zinakuja na tundu la USB kutoka kiwandani. Zisizo nalo, alifunge tajiri. Anapokea hesabu kila siku, na siku hizi sehemu ya hesabu hiyo inapatikana kwa sababu simu ya kijana iko hewani. Tairi likiisha mkataba unasema nani ananunua. Chaja nayo iandikwe mkatabani.

*

Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili. Hesabu hiyo ni ya betri ya ndani, yenye volti 3.7 hivi. Umeme ukipandishwa kuwa volti 5, na mwingine ukapotelea kwenye joto, unabaki na kama theluthi mbili. Wauzaji waseme.

*

Narudi kwenye vibao vya mitaa, na nitaendelea kurudi. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, nchi ilifanya kazi kubwa ya Anwani za Makazi: mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Niliifurahia kwa dhati. Leo nakuta nguzo zimepinda, vibao vimebandikwa matangazo ya waganga, namba zimefutika ukutani. Kama namba ya nyumba inasomeka, dereva hahitaji kioo cha simu kiwake mpaka mlangoni. Serikali za mitaa, futeni vumbi.

*

Pakua ramani ya jiji usiku ukiwa nyumbani. Barabarani simu haitahangaika kuivuta kwa mtandao dhaifu, na bando litapumua.

*

Tangu Septemba 2021 Apple imeonya kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone iliyofungwa kwenye usukani. Kwa pikipiki ndogo wanashauri kishikio cha kupunguza mtikisiko. Ushauri mzuri, ila hawajaziona barabara zetu za ndani.

*

Kigali, pikipiki za umeme za Ampersand hazisubiri chaji: dereva anaacha betri iliyoisha kituoni, anafungiwa iliyojaa, anaondoka. Natamani sana hapa kwetu tufike huko.

*

Jumamosi, Barabara ya Sam Nujoma: dereva anaandika ujumbe kwa kidole gumba, mkono mmoja tu kwenye usukani, na nyuma kapakia mtoto wa shule asiye na kofia. Nilikasirika, na bado nimekasirika.